Kabla ya Kununua Kopo la Virutubisho: Namna ya Kuyapima Madai ya Lishe na Tiba

Siku hizi ni nadra wiki kwisha bila mtu kukuletea habari za unga, kidonge au kinywaji kinachosemekana kusafisha damu, kuimarisha kinga, kurudisha nguvu za kiume, kuyeyusha uvimbe wa kizazi na kumaliza kisukari. Habari hizo huja kupitia kundi la familia la WhatsApp, kupitia jirani aliyejiunga na biashara ya mtandao, au kupitia kipindi cha redio kilicholipiwa na muuzaji mwenyewe, na mara nyingi anayezileta ni mtu anayekupenda na anayeamini asemacho. Mwongozo huu unampa msomaji maswali matatu ya kuuliza kila anapokutana na dai la namna hiyo: linamhusu nani, kwa kiasi gani, na matokeo yake yamelinganishwa na nini. Mtu yeyote anayeweza kusoma lebo na kufanya hesabu za kuzidisha na kugawanya anaweza kuyatumia.

Anza na sahani

Hatua ya kwanza ni kuijua sahani yako, kwa sababu asiyejua anachokipata kwenye chakula hawezi kujua anachokikosa. Mwili unahitaji wanga na mafuta kwa ajili ya nguvu, protini kwa ajili ya kujenga na kukarabati, vitamini na madini kwa viwango vidogo sana lakini bila kukosa, nyuzinyuzi kwa ajili ya utumbo, na maji. Kwa watu wazima wengi wenye afya, vyote hivyo hupatikana sokoni. Kasoro kubwa ya sahani zetu ni uwiano: ugali au wali hujaza sahani, mboga huwekwa kiasi cha kutelezeshea tonge tu, na tunda huonekana siku ya wageni.

Marekebisho yenye faida kubwa ni ya gharama ndogo. Unga wa dona hubaki na kiini na pumba za mahindi, ambamo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini na nyuzinyuzi, ilhali sembe iliyokobolewa hupoteza nyingi kati ya hizo. Maharage, kunde, choroko na mbaazi hutoa protini na chuma. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza kalisi (kalsiamu). Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pamoja na majani kama mchicha, kisamvu na matembele, vina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Chuma kinachotoka kwenye mimea hufyonzwa kwa shida, na vitamini C hukirahisishia njia, kwa hiyo chungwa, embe au pera linaloliwa pamoja na maharage huufanya mlo uleule utoe chuma zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume, maana viambata vyake hukizuia chuma kisifyonzwe. Ni vyema kuzinywa walau saa moja kabla au baada ya chakula. Ushauri huu wa chai hauna mtu anayeulipia tangazo, na pengine ndiyo sababu hausikiki, ingawa kwa binti au mama mwenye upungufu wa damu una thamani kuliko makopo mengi ya bei kubwa.

Nani anahitaji nyongeza

Wapo watu ambao chakula peke yake hakiwatoshi, na haitakuwa haki kuwakatisha tamaa kwa kuwaambia kwamba vidonge vyote ni udanganyifu. Kwa mama mjamzito, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Ni bora foliki ianze kutumiwa hata kabla ya mimba kutungwa, kwa sababu mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Usipofungika vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, katika nchi zenye upungufu wa vitamini A kama zetu, hupewa matone yake kila baada ya miezi sita. Mtoto anayeharisha hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya ORS. Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12 ya nyongeza, na mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi anapaswa kumwomba daktari amwangalizie kiwango cha vitamini hiyo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kukipunguza.

Angalia jinsi mapendekezo haya yalivyojengwa. Kila moja linamtaja mtu mahususi, upungufu mahususi na kipimo mahususi. Dai linalosema bidhaa moja inamfaa mtoto, mzee, mjamzito, mwenye presha na mwenye kansa, wote kwa kijiko kilekile, limeshindwa swali la kwanza kabla hujafika la pili.

Somo la Pemba

Kama ningelazimika kuchagua mfano mmoja tu wa kumweleza mtu kwa nini kirutubishi kizuri hakiwi kizuri kwa kila mtu, ningechagua utafiti uliofanyika Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti walitaka kujua kama kuwapa watoto wadogo wote nyongeza ya chuma na asidi ya foliki kungepunguza maradhi na vifo. Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki: upungufu wa damu ulikuwa umeenea, chuma hutengeneza damu, basi watoto wapewe chuma. Watoto zaidi ya 24,000, wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miezi 35, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa nyongeza hiyo na wengine wakapewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na chuma wala foliki.

Mwezi Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya muda wake. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa wakilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya asilimia 12 hivi. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mwaka mzima, na chuma kilichoongezwa kwa watoto ambao miili yao haikukihitaji, katika mazingira ya malaria isiyodhibitiwa, kilionekana kuwaongezea hatari. Hata hivyo, katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kufuatiliwa malaria kwa karibu, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006 na yakabadilisha ushauri wa dunia nzima: leo Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba katika maeneo yenye malaria, nyongeza ya chuma kwa watoto iende sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria.

Fikiria sasa kama chuma kile kingegawiwa bila kundi la kulinganisha. Kila mama ambaye mtoto wake alinawiri angesimama na kutoa ushuhuda wa kweli wa macho yake mwenyewe, na madhara yangezama ndani ya idadi ya kawaida ya vifo vya watoto bila mtu kuyatambua. Uangalizi wa mama hauna kasoro yoyote. Kilichokosekana ni kitu cha kuulinganishia. Hapo ndipo penye uzito wa swali la tatu, na ndiyo sababu James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza, alipotaka kukitafutia dawa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, mwaka 1747, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa katika jozi sita na kuwapa tiba tofauti. Bila wale jozi tano wengine, kupona haraka kwa wawili waliokula machungwa na malimau kusingekuwa na maana yoyote.

Jambo hilihili lilitokea kwa beta-karotini. Kwa kuwa walaji wengi wa mboga na matunda hupata kansa kidogo, ilidhaniwa kwamba vidonge vya beta-karotini vingewakinga wavutaji sigara. Nchini Finland wanaume wavutaji 29,133 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, na waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Karoti haijakuwa sumu kwa hilo. Kirutubishi kimoja kilichokamuliwa na kumezwa kwa wingi ndicho kilichotenda tofauti na chakula kizima.

Kulichambua dai moja kwa moja

Chukua dai unalolisikia mara nyingi: majani ya mlonge yaliyokaushwa yana kalisi mara 17 kuliko maziwa. Ukilipima kwa uzito ulio sawa, dai hilo lina msingi, kwani gramu 100 za unga wa mlonge zina karibu miligramu 2,000 za kalisi, na gramu 100 za maziwa zina miligramu 120 hivi. Lakini uliza swali la pili. Hakuna anayekula gramu 100 za unga huo kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu nane hivi, yaani miligramu 160 za kalisi, wakati glasi ya maziwa ya mililita 250 inatoa takribani 300. Glasi moja ya maziwa, kwa hiyo, inakaribia kuwa sawa na vijiko viwili vya unga. Mlonge unabaki kuwa mboga nzuri sana, hasa kwa anayeuchuma uani kwake bila kulipa chochote, na ninaupendekeza kwa moyo wote; ila anayeuza kopo kwa maelfu ya shilingi kwa kutumia ile mara 17 amelinganisha kitu kikavu na kitu chenye maji, na amekadiria mlo usioliwa na mtu. Anayeongeza kwamba mlonge unaponya magonjwa 300 ameondoka kabisa kwenye lishe.

Hesabu hiyohiyo itumie kwenye lebo. Tazama kiasi kilichomo katika kidonge kimoja, zidisha kwa idadi ya vidonge unavyotakiwa kumeza kwa siku, kisha linganisha na mahitaji ya mwili. Kwa vitamini C, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, na pera moja la ukubwa wa kati lina zaidi ya 100. Kidonge cha miligramu 1,000 kinazidi mahitaji hayo zaidi ya mara 20, na sehemu kubwa ya ziada huishia kwenye mkojo. Ukipitisha 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na kwa baadhi ya watu hatari ya mawe kwenye figo huongezeka. Vitamini A haitoki kwa urahisi namna hiyo. Huhifadhiwa kwenye ini, na ile iliyo katika umbo la retinoli ikizidi mikrogramu 3,000 kwa siku inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito asimeze kidonge cha vitamini A wala mafuta ya ini la samaki bila ushauri wa kliniki.

Kuhusu ushuhuda, mwaka 2011 unatosha kutufundisha. Maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo viongozi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, wakiamini kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari, kansa na maradhi mengine sugu. Bei ilikuwa ndogo na wengi waliokwenda walikuwa na imani ya dhati, kwa hiyo si kila dai lisilothibitishwa linaletwa na tamaa ya fedha. Lakini utafiti uliofanywa baadaye kwa wagonjwa wa VVU wa kaskazini mwa Tanzania ulibaini kwamba utumiaji wa ARV ulishuka miongoni mwa waliokwenda huko, na dawa hizo zikikatizwa virusi huongezeka upya. Mtu anayesimama kutoa ushuhuda ni yule anayejisikia nafuu. Aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyefariki hana simu ya kupiga redioni. Ongeza kwamba mafua, maumivu ya mgongo na vidonda vya tumbo hupanda na kushuka vyenyewe, na kwamba wengi hutafuta tiba mpya siku ambazo hali iko mbaya kuliko kawaida, hivyo chochote watakachokunywa siku hiyo kitapewa sifa ya nafuu ambayo ingekuja tu.

Jina kubwa pia halichukui nafasi ya ulinganisho. Linus Pauling alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1954 na 1962, na bado dai lake la miaka ya 1970 kwamba vitamini C nyingi huzuia mafua halikuthibitika majaribio yalipofanywa kwa watu wa kawaida. Kilichoonekana kwa wanaoimeza kila siku ni mafua kufupika kidogo tu. Ikiwa mtu wa kiwango hicho aliweza kukosea, koti jeupe la anayetangaza kwenye video halipaswi kukutuliza.

Kuna mambo mengine yanayostahili kukusimamisha mara moja. Mojawapo ni mashine ya kupima mwili mzima kwa kushika chuma mkononi kwa dakika moja au mbili, ambayo hutoa karatasi nyingi zenye hali ya ini, figo, moyo, mifupa na vitamini zote, kisha dawa ya kila tatizo ikapatikana kwenye kabati la mpimaji huyohuyo. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba kushika chuma kunaweza kupima kalisi au kugundua ugonjwa wa ini. Vipimo hivyo huhitaji damu, mkojo au picha. Jingine ni dawa ya kutoa sumu mwilini. Mwambie muuzaji aitaje sumu hiyo kwa jina na akuonyeshe kipimo chake kabla na baada ya kutumia bidhaa. Kazi ya kuondoa taka mwilini inafanywa na ini na figo, na viungo hivyo vikishindwa mgonjwa anahitaji hospitali. La tatu, na baya kuliko yote, ni kauli ya kwamba ukianza bidhaa hii uache dawa za hospitali.

Maneno yaliyo kwenye kopo

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu. Unapoonyeshwa nembo, uliza bidhaa imesajiliwa kama nini. Kitu kilichosajiliwa kama chakula hakijathibitishwa kutibu ugonjwa wowote, hata kama nembo ni halali kabisa. Vivyo hivyo, maneno ya kwamba kopo limetoka Marekani hayamaanishi kwamba serikali ya huko imethibitisha kazi yake: sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho nyongeza kuuzwa bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwa mamlaka kwamba vinafanya kazi.

Bidhaa zinazofanya kazi haraka mno zinahitaji tahadhari zaidi. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafil, ambayo ni dawa ya hospitali, ndani ya bidhaa za nguvu za kiume zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya nitreti akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kushuka kwa kiwango cha kuua. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa mabinti vinaweza kuwa na deksamethasoni, dawa ya hospitali ambayo ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na presha, hudhoofisha kinga na mifupa, na ikiachwa ghafla inaweza kumwangusha mtu.

Kuzungumza na anayekuletea

Kwa kuwa muuzaji mara nyingi ni ndugu, namna ya kuuliza ina uzito. Kumwita tapeli kutamfunga masikio, na pengine ameweka akiba yake yote katika biashara hiyo. Mwambie: "Shangazi, nashukuru kwa kunijali. Naomba unionyeshe kwenye kopo hapa, kuna kiasi gani cha kila kitu, na je, wapo watu waliopewa hiki na wengine wakapewa kisicho nacho, wakalinganishwa?" Kisha omba muda wa siku chache, kwa sababu ofa inayokwisha leo jioni imekusudiwa kukuzuia usiulize. Ukiona mwenyewe hana jibu, muulize kwa upole kama yuko tayari kwenda nawe kwa mfamasia.

Kama tayari unatumia bidhaa fulani, usiache wala kupunguza dawa yoyote ya hospitali kwa ajili yake, na usione haya kuitaja unapoulizwa kliniki. Beba kopo lenyewe pamoja na dawa zako zote, maana vipo vitu vinavyoingiliana: vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na kalisi hupunguza ufyonzwaji wa chuma vikimezwa pamoja. Vidonge vya chuma vifungiwe mahali pa juu, kwa sababu vikimezwa kwa wingi na mtoto mdogo vinaweza kumuua. Ukipata macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, vipele vilivyoenea au kuvimba uso baada ya kuanza bidhaa, iache siku hiyohiyo, nenda kituo cha afya, na mwombe mhudumu apeleke taarifa ya madhara kwa mamlaka ya dawa akiandika jina la bidhaa na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye kopo. Kwa hiyo usilitupe kopo hata likiwa tupu.